Uwanja wa Tinian na Dhima ya Walio Wengi

Tinian ni kisiwa kimojawapo cha Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 101 tu. Upande wake wa kaskazini ni tambarare. Juu ya tambarare hiyo Wamarekani walijenga North Field, uwanja wa ndege za kivita ambao mwaka 1945 ulikuwa mkubwa kuliko wote duniani. Kwa miezi kadhaa ndege zilizopaa hapo ziliteketeza miji ya Japani kwa moto, na mwezi Agosti mwaka huo zikapaa mbili zilizobeba mabomu ya atomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu, na karibu wote hawakumwona hata mmoja wa waliokufa. Kwa sababu hiyo historia ya Tinian inalileta karibu swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia tangu kale: wengi wakishirikiana kutenda jambo moja, kila mmoja akiwa na sehemu yake ndogo, dhima ya jambo hilo inamwangukia nani, na kwa kiasi gani?

Kutoka mashamba ya miwa hadi uwanja wa ndege

Wenyeji wa kale wa kisiwa hicho ni Wachamoro, ambao mabaki ya nguzo zao kubwa za mawe yangali yanaonekana karibu na mji wa San Jose. Wahispania waliotawala visiwa hivyo waliwahamisha wakaaji wa Tinian, na kisiwa kikabaki karibu kitupu kwa muda mrefu. Mwaka 1899 Hispania iliiuzia Ujerumani Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Japani ilivitwaa mwaka 1914, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikakabidhiwa rasmi kuvitawala kwa utaratibu uleule wa Shirikisho la Mataifa uliowapa Waingereza Tanganyika. Kampuni ya sukari ya Nan'yō Kōhatsu iligeuza sehemu kubwa ya kisiwa kuwa shamba la miwa na kuleta wafanyakazi kutoka Okinawa, sehemu nyingine za Japani na Korea. Jeshi nalo likajenga kiwanja cha ndege huko Ushi, kwenye ncha ya kaskazini.

Tarehe 24 Julai 1944 wanamaji wa Marekani walijifanya wanashambulia mbele ya mji wa Tinian upande wa kusini, huku wenzao wakiteremka kwenye fukwe mbili nyembamba za kaskazini-magharibi ambazo Wajapani hawakuzitarajia. Mapigano yalidumu siku tisa. Askari wa Japani wapatao 8,000 au zaidi waliolinda kisiwa waliuawa karibu wote. Baadhi ya raia walijitupa kutoka kwenye majabali ya kusini, wakiwa wameaminishwa kuwa adui atawatenda vibaya kuliko kifo. Wengine zaidi ya 10,000 waliwekwa katika kambi ya Churo, katikati ya kisiwa.

Ujenzi ulianza mara moja. Vikosi vya ujenzi vya Jeshi la Wanamaji la Marekani, watu wapatao 15,000, vilichimba matumbawe, vikayaponda, vikayashindilia na kuyamwagia lami. Kufikia Mei 1945 North Field ulikuwa na njia nne za kurukia ndege zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa mita 2,600 hivi. Uwanja wa pili, West Field, ulikuwa na njia mbili. Kwa kuwa umbo la kisiwa liliwakumbusha wajenzi Manhattan ya New York, barabara za Tinian zilipewa majina kama Broadway na Mtaa wa 42. Majina hayo bado yanatumika.

Mgawanyo wa kazi

Ndege ya aina ya B-29 ilibeba watu 11 na kuwa na uzito wa tani zipatazo 60 ilipojaa mafuta na mabomu. Safari ya kwenda Japani na kurudi ilikuwa ya kilomita takriban 5,000, karibu yote juu ya bahari. Ili ndege moja iondoke, mafundi walipaswa kuzipima injini zake nne, wajaza mafuta kuleta malori yao, wapakiaji kufunga mabomu, wataalamu wa hali ya hewa kuchora ramani za mawingu, makarani kuchapa amri, na wapishi kupika kabla ya alfajiri. Usiku wa shambulio kubwa ndege zilifuatana kwenye njia za kurukia kwa tofauti ya dakika moja hivi.

Mwanzoni ndege hizo zilielekezwa kwenye viwanda, na zilitupa mabomu kutoka juu sana. Upepo mkali na mawingu vilifanya shabaha ikosekane. Jenerali Curtis LeMay, aliyeshika uongozi wa kikosi hicho Januari 1945, alibadili mbinu: ndege zitaruka usiku, chini zaidi, zikiwa na mabomu ya moto yenye napalmu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi, ndege zaidi ya 300 ziliondoka Guam, Saipan na Tinian kwenda Tokyo. Walengwa walikuwa mitaa ya nyumba za mbao, yenye msongamano mkubwa wa watu. Kilomita za mraba zipatazo 41 ziliungua, na idadi ya waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Miji mingine kwa makumi ilifuata katika miezi iliyobaki. Hivyo mpaka kati ya askari na raia ulikwisha kuvukwa kabla bomu la atomu halijafika Tinian, na ulivukwa kwa kazi ya kila siku, yenye ratiba na fomu zake.

Bomu lenyewe lilikuwa zao la mgawanyo mpana zaidi. Sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, eneo ambalo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya migodini. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imesafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe ya urani hadi New York mwaka 1940, na shehena nyingine zikafuata baada ya mgodi kufunguliwa tena kwa siri. Wachimbaji wa Kiafrika waliyabeba mawe hayo bila kuambiwa ni ya nini wala yana madhara gani kwa miili yao. Urani ilisafishwa na kutenganishwa nchini Marekani na wafanyakazi ambao nao, isipokuwa wachache, hawakujua wanachotengeneza. Tarehe 26 Julai 1945 meli ya kivita ya USS Indianapolis ilishusha sehemu za bomu Tinian. Siku nne baadaye ilizamishwa na nyambizi ya Japani.

Bomu la kwanza lilikuwa na uzito wa tani 4.4 hivi, nalo lilikuwa kubwa mno kupakiwa kwa njia ya kawaida. Shimo lilichimbwa ardhini, bomu likateremshwa humo, ndege ikarudishwa nyuma hadi tumbo lake likawa juu ya shimo, kisha bomu likainuliwa kwa jeki ya maji. Usiku wa manane, kabla ya kuondoka, wanajeshi wa safari hiyo walikusanyika, na William Downey, mchungaji wa Kilutheri aliyehudumia kikosi hicho, akawaombea ulinzi wa Mungu, warejee salama na vita viishe upesi. Saa nane na dakika 45 usiku, tarehe 6 Agosti, ndege ya Enola Gay iliyoongozwa na Kanali Paul Tibbets ilipaa. Saa mbili na robo asubuhi, kwa saa za Japani, bomu lililipuka juu ya Hiroshima. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa sababu yake.

Ndege ya pili, Bockscar, iliondoka Tinian tarehe 9 Agosti ikiongozwa na Charles Sweeney, aliyekuwa Mkatoliki. Ililengwa Kokura, lakini shabaha haikuonekana, ikageukia Nagasaki. Bomu lililipuka saa tano na dakika mbili asubuhi juu ya bonde la Urakami, umbali wa mita 500 hivi kutoka kanisa kuu la Wakatoliki, ambalo lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Asia ya Mashariki. Ndani yake waumini walikuwa wakiungama kujiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wote walikufa pamoja na mapadri waliokuwa wakiwaungamisha. Kati ya Wakatoliki 12,000 wa Urakami, wapatao 8,500 walipoteza maisha. Hao walikuwa wazao wa Wakristo walioishi na imani yao kwa siri kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso.

Vipimo vya zamani vya vita

Hukumu juu ya mambo hayo haikuhitaji kungoja falsafa mpya. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliweka masharti matatu ya vita vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Waliomfuata waliongeza masharti ya namna ya kupigana, na kubwa kati ya hayo ni kwamba asiyepigana hauawi kwa makusudi. Wanateolojia wa Kikatoliki walikubali kwamba raia wanaweza kufa bila mpiganaji kutenda dhambi, ikiwa kilicholengwa ni kitu cha kijeshi, kifo cha raia hakikukusudiwa wala kutumiwa kama njia ya kupata ushindi, na madhara hayazidi faida.

Katika Uislamu kipimo hakitofautiani sana. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kuwa Mtume Muhammad alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani, na wasia wa Khalifa Abu Bakr kwa jeshi lililokwenda Sham unawaongeza wazee na watawa, na kukataza kukata miti yenye matunda. Mwanazuoni al-Ghazali alijadili hali ngumu ambapo adui anajikinga kwa miili ya mateka. Alikubali jeshi liwapige kwa masharti mazito matatu: dharura iwe ya kweli, matokeo yawe ya yakini, na kinachookolewa kiwe jamii nzima, si sehemu yake.

Septemba 1944, mabomu ya Washirika yalipokuwa yakiangukia miji ya Ujerumani na kabla ya Tokyo kuungua, Mjesuiti wa Marekani John C. Ford alichapisha makala katika jarida la Theological Studies kupinga mabomu ya kufuta miji. Hoja yake iliwajibu waliodai kuwa vita vya kisasa havina raia. Aliorodhesha kazi moja baada ya nyingine, za mashambani, madukani, hospitalini na shuleni, akauliza ni kwa haki gani wenye kazi hizo wahesabiwe askari. Kisha akasema kwamba anayemwaga moto juu ya mtaa wa makazi hawezi kudai hakukusudia kuwaua wakazi, kwa maana vifo vyao ndiyo njia anayoitumia kuvunja moyo wa taifa. Mwaka 1956 mwanafalsafa Elizabeth Anscombe alirejea hoja hiyohiyo alipopinga Chuo Kikuu cha Oxford kumpa Harry Truman, aliyekuwa Rais wa Marekani, shahada ya heshima. Kwake, kuchagua kuwaua wasio na hatia ili kufikia lengo ni uuaji, hata lengo liwe jema kiasi gani, na nia haibadilishwi kwa mtu kujisemea moyoni kuwa anakusudia kitu kingine.

Hoja ya upande wa pili ina uzito wake. Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, alieleza mwaka 1947 kwamba bomu lilichaguliwa ili kuepuka uvamizi wa Japani ambao ungegharimu maisha mengi ya pande zote mbili. Uvamizi huo ulipangwa kuanza Novemba 1945. Kila mwezi wa vita ulikuwa na vifo vyake pia China, Ufilipino na kwingineko kulikokaliwa na jeshi la Japani, na askari waliokuwa wakingoja kupelekwa ufukweni waliamini kwamba Tinian iliwaokoa. Tibbets alishikilia hadi kifo chake mwaka 2007 kwamba hakujutia safari ile.

Jibu la mwanafalsafa Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1977, linaonyesha tatizo la hesabu hiyo liko wapi. Walzer anakubali kuwa taifa linaweza kufikia ukingo wa maangamizi ambapo sheria za kawaida zinayumba. Lakini Japani ya 1945 haikuwa ikitishia kuangamiza yeyote. Ilikuwa imezingirwa na kushindwa. Gharama ya uvamizi ilitokana na dai la kujisalimisha bila masharti, na dai hilo lingeweza kupunguzwa. Masharti matatu ya al-Ghazali yanafika mahali hapohapo kwa njia nyingine: dharura iliyotengenezwa na mwenye nguvu kwa madai yake mwenyewe haifanani na dharura ya anayekaribia kuangamia. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani kila tendo la kivita linalolenga kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake.

Je, dhima hugawanyika?

Hata ikikubaliwa kuwa tendo lilikuwa ovu, swali la nani aliyelitenda linabaki. Truman aliidhinisha lakini hakuona. Tibbets aliendesha ndege lakini hakuchagua mji. Mpiga shabaha alifyatua bomu lakini alikuwa akitii amri. Fundi alikaza boliti. Mchimbaji wa Shinkolobwe alibeba jiwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo inayosifu ushirikiano ndiyo inayoeleza pia jinsi ushirikiano unavyoweza kuficha mtendaji: kila kidole kinaweza kusema kwamba peke yake kisingeweza.

Sheria ya Kiislamu ina kesi maarufu inayohusu jambo hili. Watu kadhaa wa Sana'a walishirikiana kumuua mtu mmoja, na Khalifa Umar akahukumu kisasi kwa wote, akisema kwamba hata kama wakazi wote wa Sana'a wangeshiriki, angewahukumu wote. Mafakihi walio wengi waliifuata hukumu hiyo. Sababu yao ni ya kimantiki na ya kijamii kwa pamoja. Uhai hauna vipande, hivyo hakuna sehemu ya kumi ya uuaji. Na kama idadi ingepunguza adhabu, kila muuaji angetafuta wenzake ili ajikinge kwao.

Thoma wa Akwino anafika karibu na hapo kwa njia ya mgawanyo wa aina, si wa kiasi. Akijadili nani anapaswa kulipa fidia kwa dhuluma iliyotendwa na mwingine, anataja njia tisa za kushiriki: kuamuru, kushauri, kuridhia, kusifu, kupokea, kushirikiana katika tendo, kunyamaza, kutozuia na kutofichua. Lakini haziweki zote katika daraja moja. Aliyeamuru na aliyeshiriki wanawajibika daima. Aliyenyamaza anawajibika pale ambapo kusema au kuzuia ni wajibu wa nafasi yake. Kuhusu kutojua, Thoma anatofautisha asiyeweza kujua, ambaye hana lawama, na asiyetaka kujua, ambaye kutojua kwake ni kosa jingine juu ya kosa.

Vipimo hivyo vikiwekwa juu ya Tinian, picha haifanani na ile ya mzigo uliogawanywa sawasawa. Mchimbaji wa Katanga hana dhima: hakujua, hakuwa na njia ya kujua, na yeye mwenyewe alidhulumiwa. Fundi wa North Field aliyepakia napalmu Machi 1945 yuko mahali tofauti, kwa kuwa picha za miji iliyoungua zilipigwa na kusambazwa, na habari zilijulikana kambini. Hakuamua, lakini alijua. Rubani aliyeruka chini juu ya mtaa alijua zaidi, kwa macho yake. Mkuu aliyebadili mbinu kutoka viwanda hadi makazi alijua na aliamua. Hakuna kati yao anayeweza kupunguza sehemu yake kwa kumwonyesha mwingine kidole, na hakuna anayebebeshwa sehemu ambayo hakuijua wala kuweza kuizuia. Dhima hupimwa kwa maarifa, kwa nafasi na kwa uwezo wa kukataa. Idadi ya washiriki haimo katika kipimo hicho.

Kasisi aliyenyamaza

Mtu aliyejipima kwa kipimo hicho hadharani ni George Zabelka, padri Mkatoliki kutoka Michigan aliyewahudumia wanajeshi wa anga wa Tinian mwaka 1945. Hakuijua siri ya bomu la atomu, na hakudai kuwa angeweza kulizuia. Alichojilaumu ni kingine. Alijua miji ilikuwa ikichomwa pamoja na wakazi wake, na katika mahubiri yake yote kisiwani hakuhubiri hata mara moja dhidi ya kuwaua raia.

Katika mahojiano ya mwaka 1980 alisimulia habari za kijana mmoja aliyelazwa hospitalini Tinian akiwa karibu kuchanganyikiwa. Kijana huyo alikuwa ameruka chini sana juu ya barabara ya mji, akamwona mtoto mdogo amesimama katikati ya njia, akiitazama ndege kwa mshangao wa kitoto, naye alijua kuwa baada ya sekunde chache mtoto yule angeungua. Zabelka alieleza kuwa kama askari angemjia kuuliza iwapo anaruhusiwa kumpiga mtoto risasi kichwani, angemjibu bila kusita kuwa hiyo ni dhambi ya mauti. Lakini ndege zilikuwa zikiondoka mfululizo kwenda kufanya hivyo kwa maelfu ya watoto, na hakuna aliyekuja kuuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani Kanisa lingesema kama kungekuwa na la kusema.

Hapo ndipo ukimya ulipofanya kazi yake. Askari aliyemwona padri akitoa sakramenti kando ya njia ya kurukia ndege aliusoma ukimya huo kama idhini. Padri naye aliiona amri kuwa ya serikali halali na dhamiri kuwa ya askari. Kila upande uliegemea upande wa pili, na katikati hapakuwa na aliyeamua. Vita vilipokwisha Zabelka alitembea katika magofu ya Nagasaki, akaokota kipande cha chetezo kwenye kifusi cha kanisa la Urakami. Ilimchukua takriban miaka 30 kufikia hitimisho lake, akipitia harakati za haki za Wamarekani Weusi mjini Flint na mafundisho ya kupinga mabavu. Baadaye alitembea kwa miguu katika hija ya amani kuelekea Bethlehemu, na mwaka 1984 alikwenda Japani kuomba msamaha. Alifariki mwaka 1992.

Waliomkosoa walisema kuwa kasisi hana mamlaka ya kuhukumu mikakati ya vita. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama lawama yake ingehusu mikakati. Thoma alisema ukimya humfunga yule ambaye kusema ni wajibu wake, na kufundisha kuwa asiye na hatia hauawi ni kazi ya kasisi kabla ya kazi nyingine zote. Maombi ya Downey usiku ule wa Agosti yanaweza kutazamwa kwa macho hayohayo. Kumwombea askari arudi salama si kosa. Kilichokosekana ni sala au neno lolote kwa ajili ya wale waliokuwa wamelala katika mji uliokuwa ukiendewa.

Ndege ya uchunguzi wa hali ya hewa iliyotangulia Hiroshima siku ile iliongozwa na Claude Eatherly, ambaye baadaye aliandamwa na hatia hadi akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanafalsafa Günther Anders, aliyeandikiana naye barua, alifundisha kuwa binadamu wa zama hizi anaweza kutenda makubwa kuliko anavyoweza kuyawaza, na mashine hujaza pengo hilo kwa kumpa kila mtu kitufe kidogo. Uchambuzi huo unaeleza kwa nini wengi wa Tinian walilala usingizi. Hauwaondolei dhima, ila unaonyesha kuwa kuwaza mwisho wa kazi ya mtu kumekuwa wajibu wa kimaadili, kwa kuwa macho hayaufikii tena.

Tafsiri ya waliopigwa

Upande wa waliopigwa, swali liliulizwa kwa namna nyingine: je, aliyetenda ni Mungu? Daktari Nagai Takashi, Mkatoliki wa Urakami na mtaalamu wa eksirei, alipoteza mke wake katika mlipuko na kukuta mabaki yake karibu na rozari. Novemba 1945, katika ibada ya kuwaombea wafu kwenye magofu ya kanisa kuu, alisema kuwa Urakami ilichaguliwa kwa majaliwa ya Mungu kuwa sadaka ya kuteketezwa, mwanakondoo asiye na waa, ili vita viishe. Maneno hayo yaliwafariji waliokuwa wakiambiwa na majirani kwamba wamelaaniwa.

Baadaye wanazuoni wa Nagasaki waliuliza iwapo tafsiri hiyo haikuwaondoa watendaji wa kibinadamu mbele ya hukumu: kama bomu ni majaliwa, basi Tokyo iliyoanzisha vita na Washington iliyotuma ndege zote zinapumzika. Papa Yohane Paulo wa Pili, alipozuru Hiroshima Februari 1981, alisema kuwa vita ni kazi ya mwanadamu, na baadhi ya Wakatoliki wa Nagasaki waliipokea kauli hiyo kama ruhusa ya kuzungumza tena juu ya waliohusika. Mambo hayo mawili si lazima yagongane. Muumini anaweza kuuelekeza msiba wake kwa Mungu bila kumfanya Mungu kuwa mtendaji wa uovu. Kosa huanza pale maana ya mateso inapochukua nafasi ya swali la nani aliyeyasababisha, na kwa hali hiyo majaliwa huwa mshiriki mwingine wa kusukumiwa dhima.

Uwanja baada ya vita

Jeshi liliondoka North Field muda mfupi baada ya vita. Raia wa Kijapani, Okinawa na Korea walirudishwa makwao, na Wachamoro waliokuwa wakiishi Yap wakaletwa Tinian mwaka 1948. Miti ya lusina ilifunika maegesho ya ndege. Mwaka 1985 uwanja uliwekwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa la Marekani, na mashimo mawili ya kupakilia mabomu sasa yamefunikwa kwa vioo ili wageni wayaone. Theluthi mbili za kaskazini za kisiwa zimekodishwa kwa jeshi la Marekani, na kuanzia mwaka 2024 Jeshi la Anga limekuwa likifyeka msitu na kuzikarabati njia za kurukia ili uwanja utumike tena iwapo patatokea vita katika Pasifiki.

Ukarabati huo unafanya suala la dhima lisiwe la kihistoria tu. Mgawanyo wa kazi vitani umeongezeka tangu 1945, na ndege zisizo na rubani pamoja na programu za kuchagua walengwa zimeongeza umbali kati ya anayeamua na anayekufa. Mafakihi waliofuata hukumu ya Umar na wanateolojia waliomfuata Thoma hawakuyajua hayo, lakini kanuni waliyoiacha inayatosha. Ushirika haugawi hatia. Unaongeza idadi ya wanaopaswa kuuliza. Kila mwenye sehemu katika kazi hiyo anawajibika kwa alichojua, kwa alichokataa kujua na kwa alichopaswa kusema kwa nafasi yake. Na aliyepewa kazi ya kufundisha dhamiri za wengine anapaswa kusema kabla ndege haijaondoka, kwa kuwa toba inayokuja baada ya miaka 30, hata iwe ya kweli kama ya Zabelka, haimrudishi aliyekwisha kuuawa.